Wizi umeongezeka mtaani? Fanyeni hivi kabla hamjaanza kuchangishana hela ya walinzi

Kila mtaa wa Dar es Salaam unakijua hiki kikao. Watu wameibiwa wiki nzima, mwenyekiti wa mtaa anaitisha mkutano jioni, mzee mmoja anasimama anasema vijana wa siku hizi hawana malezi, mwingine anasema ni njaa tu maisha yamebana, wa tatu anasema polisi wanakula nao, alafu mnaishia kuchangishana hela ya walinzi na kutaja majina ya watoto watatu wa familia maskini kuliko zote hapo. Baada ya miezi miwili walinzi hawajalipwa wameacha kazi na wizi uko palepale. Hili linaniuma sana, sababu wote watatu waliosimama wana kipande cha ukweli ila hakuna aliyekwenda kukipima, na anayebaki na doa ni yule mtoto aliyetajwa jina mbele za watu.

Sasa hapa naandika namna ya kutafuta chanzo cha uhalifu mtaani kwenu kwa njia ambayo mtu wa kawaida anaweza. Hauhitaji digrii, mnahitaji watu watatu wanne wanaoaminika (angalau wawili wawe akina mama), daftari kubwa na uvumilivu wa kama mwezi mmoja. Naitumia Dar sababu ndo naijua vizuri, wa Mwanza au Mombasa atabadilisha majina tu.

ANZENI KWA KUHESABU

Grupu la WhatsApp la mtaa likitumiwa video ya kamera ya kibaka mmoja anaruka fensi, watu wote wanaona wizi umejaa hata kama ni video ileile imezunguka siku nne. Kwahiyo nendeni kwa mtendaji wa mtaa na kwa mkaguzi wa polisi wa kata, muombe idadi ya matukio kwa kila mwezi na kwa aina, mwaka huu na mwaka jana, waambieni kabisa hamtaki jina la mtu yeyote.

Ila msiishie hapo. Rekodi ya polisi inahesabu waliokwenda kuripoti, na tunajua nani anakwenda. Aliyeibiwa simu anakwenda sababu anataka karatasi ya kurudishia laini yake, aliyeibiwa pikipiki anakwenda, lakini aliyeibiwa mtungi wa gesi, ndoo, kuku au nguo kwenye kamba hata hafikirii kwenda kupanga foleni ya RB (ile namba ya ripoti ya polisi), na mwanamke anayepigwa ndani haendi mpaka aumie kiasi cha kuhitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ndo maana kikifunguliwa kituo kidogo cha polisi karibu, matukio kwenye kitabu yanaweza kupanda mwaka huohuo bila wezi kuongezeka, ni watu tu wamepata pa kwenda.

Dawa ya hilo ni kupita nyumba kwa nyumba. Chagueni kila nyumba ya kumi mkianzia upande mmoja wa mtaa, msichague nyumba za marafiki zenu, muulize maswali machache: miezi 12 iliyopita kuna kitu mmeibiwa au mtu ameporwa au kupigwa, ilikuwa mwezi gani, saa ngapi, sehemu gani, kitu gani, mliripoti au hapana na kama hapana kwanini. Hapa ndo akina mama wanahitajika, sababu mama hatomwambia kijana wa kiume aliyesimama mlangoni na daftari kwamba alivuliwa mkoba akashikwa mwili njiani akitoka sokoni, ila mama mwenzie atamkaribisha ndani atamwambia yote.

Mkishapata namba zigawanyeni kwa idadi ya watu. Watu wengi wanaruka hii na ndo inayopotosha kuliko zote. Chukua mfano wa kubuni, mtaa wenye watu 8,000 ulipata matukio 24, hapo ni matukio 3 kwa kila watu 1,000. Miaka michache baadae mtaa huohuo una watu 12,000 na matukio 30, mtu atasema wizi umepanda kutoka 24 mpaka 30, kumbe ni 2.5 kwa kila watu 1,000, umeshuka. Na Dar inajaa kweli, sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, yani watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, kwahiyo ukisikia matukio yameongezeka bila kuambiwa ni kati ya watu wangapi bado hujaambiwa kitu.

Alafu tenganisheni aina. Wizi wa ndani usiku, kukwapuliwa simu na vishandu wa kwenye pikipiki, kuvamiwa na kundi lenye mapanga, ugomvi wa baa, kupigwa majumbani, hivyo vyote vina vyanzo tofauti na mkivichanganya kwenye kapu moja hamtaona chochote.

MSIKUBALI JIBU LA "NI NJAA TU"

Najua hili litawaudhi baadhi lakini umaskini peke yake hauelezi. Kuna vijiji maskini kuliko mtaa wowote wa Dar ambako watu wanalala mlango umeegeshwa. Na Marekani, baada ya mabenki yao kuanguka 2008, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba 2009, kila mtu akasubiri wizi ulipuke, takwimu za FBI za mwaka huo zikaonyesha wizi na uhalifu wa kutumia nguvu vyote vimeshuka. Kwahiyo hali ya uchumi inaingia, tena sana, ila inapita kwenye milango maalumu na kazi yenu ni kujua mtaani kwenu imepita mlango gani.

Mlango wa kwanza ni riziki iliyokatika ghafla. Mtu aliyezoea kula kidogo ana mbinu zake, ila aliyekuwa anaingiza kila siku akakatiwa leo hana mbinu. Chukueni kalenda muandike pembeni ya namba zenu matukio ya kiuchumi ya eneo lenu. Machinga waliondolewa barabarani Dar mwishoni mwa 2021, je, waliokuwa wanauza barabara ya kwenu walipata meza sokoni au walirudi kukaa kijiweni? Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na bodaboda wengi pikipiki sio yao, lazima jioni apeleke hesabu kwa tajiri, hesabu haishuki mafuta yakipanda, muulizeni bosi wa kijiwe ni wangapi walinyang'anywa pikipiki mwaka ule na wako wapi sasa. Kuna kiwanda kimefunga, kuna bomoabomoa imepita, kuna mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imeingia mtaani mpaka watu wanauza vitanda? Yote andikeni na tarehe. Wizi ukianza kupanda kabla ya tukio, hilo tukio sio chanzo, lifuteni hata kama lilikuwa linawapendeza.

Mlango wa pili ni vijana wasio na sehemu ya kuwa. Tangu 2016 shule za serikali hazina ada mpaka kidato cha nne na hilo limesaidia, ila angalieni kalenda ya shule. Kijana anamaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, matokeo Januari, waliochaguliwa kidato cha tano wanaripoti katikati ya mwaka, na wale waliofeli hawana tarehe yoyote ya kuripoti popote. Na kuna shule za msingi hapa mjini zina watoto wengi mpaka wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, kwahiyo nusu siku mtoto yuko barabarani na mama yuko sokoni. Nendeni mkamuulize mwalimu mkuu ni watoto wangapi wa mtaa wenu wameacha kufika na kuanzia mwezi gani. Mimi naamini namba ya utoro wa shule inaweza kuwapa taarifa mapema kuliko kitabu chochote cha polisi, sababu mtoto anaanza kutoroka shule muda mrefu kabla hajashika panga.

Panya road, yale makundi ya vijana wanaovamia watu kwa mapanga, wanatakiwa watufundishe hapa. Januari 2015 mji mzima ulikimbia ukajifungia ndani jioni moja kwa tetesi tu kwamba wanakuja, polisi wakafanya msako wakakamata mamia ya vijana. Mwaka 2022 jina lilelile likarudi na mapanga yaleyale, na watoto waliokuwa wanakamatwa safari hii wengi walikuwa bado shule ya msingi wakati ule wa 2015. Yani kizazi kizima kilikuwa kinakua pembeni ya ule msako na hakuna aliyekuwa anakihesabu.

Mlango wa tatu unasahaulika na mimi nauona mkubwa kuliko yote, ni soko la kitu cha wizi. Mwizi hali mtungi wa gesi wala hali side mirror ya gari, anauza. Akikosa wa kumuuzia ataiba mara moja tu. Kwahiyo kila kitu kwenye orodha yenu kiulizieni: hiki kinauzwa wapi kikitoka hapa, ndani ya masaa mangapi, na nani anajua? Kama vinavyoibwa ni mifuniko ya chemba, mita za maji, nyaya za shaba, nondo za ujenzi, basi muelekeo ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, angalieni kama kuna kituo kipya cha chuma chakavu kimefunguliwa karibu au bei ya kilo imepanda, na kama mnunuzi anaandika jina la anayemuuzia au anapokea tu chochote usiku. Kama ni simu, ulizeni mafundi wanaoflashi. Kama ni taa na vioo vya magari kwenye foleni, kuna mtu anavirudisha dukani, na samahani kusema, kuna mmoja wetu anakwenda kununua akijua kabisa bei ile haiwezekani. Mtaa ukikubaliana kwamba mnunuzi wa chakavu anafunga saa 12 jioni na anaandika daftari, mmegusa wizi mwingi zaidi kuliko walinzi sita wenye filimbi, tena bila kumpiga mtu.

Na wa nne ni unga, yani heroini. Teja anahitaji hela leo, sio wiki ijayo, kwahiyo anaiba vidogo vidogo karibu na nyumbani kila siku, ukiona wizi wa ndoo, viatu mlangoni na sufuria basi hapo mwizi ni mgonjwa. Ukimfunga miezi mitatu akitoka anarudi palepale. Kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadae Mwananyamala na Temeke, mtu anafika anapewa dozi yake mbele ya muuguzi na hahitaji tena kuhangaika na arosto, yale mateso ya kukosa unga. Hesabuni mna waraibu wangapi, wangapi wako kliniki na wangapi wameacha sababu ya nauli tu. Kumlipia mtu nauli ya kwenda kliniki ni hela ndogo kuliko sufuria mnazoibiwa.

TAASISI ZENU ZIKO HAI AU ZIMEKUFA?

Hapa ndo tunajibu kwanini mitaa miwili yenye umaskini uleule, imetenganishwa na barabara moja, mmoja unaibiwa na mwingine hapana. Chicago walilihangaikia hili miaka mingi. Watafiti wawili, Shaw na McKay, waliweka kesi za watoto wahalifu kwenye ramani ya mji wakakuta maeneo yaleyale ndo yanaongoza miaka na miaka, wakati wakazi wake wameshahama wakaja wa taifa jingine na jingine. Kwahiyo tatizo halikuwa kabila wala damu ya mtu, lilikuwa la eneo, pamechakaa, watu wanahamahama, hakuna chama wala jumuiya inayosimama. Wanaosema "hawa wa mkoa fulani ndo wezi" nawaomba walikumbuke hilo.

Baadae, mwaka 1995, timu ya mtafiti Robert Sampson ikawahoji wakazi 8,782 wa maeneo 343 ya mji huohuo wa Chicago. Waliwauliza maswali mepesi: watoto wakitoroka shule wakakaa kona, jirani yako atafanya kitu? Mtoto akimkosea adabu mtu mzima je? Watu wakipigana mbele ya nyumba yako? Wakakuta sehemu ambazo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia kati, ukatili ulikuwa mdogo hata ukishaondoa tofauti ya umaskini. Maswali hayo mnaweza kuyatumia vilevile kwenye zile nyumba zenu za kila kumi, muongeze na hili: mjumbe wako wa nyumba kumi unamjua jina? Utashangaa nyumba nzima ya wapangaji nane hakuna anayemjua.

Hiyo ina historia yake. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anajua mgeni wa nani amelala wapi, mfumo ulioanza enzi za TANU, ila vyama vingi viliporudi 1992 mabalozi wakabaki kuwa wa chama, kwahiyo mpangaji wa chama kingine au asiye na chama haoni kama ni wake, na serikali ya mtaa haina mtu kwenye kila nyumba kumi. Kenya waliichukua nyumba kumi yetu baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, 2013 na huku kwetu tunaiacha ife. Polisi jamii na ulinzi shirikishi vilisukumwa sana wakati wa mkuu wa polisi (IGP) Said Mwema kuanzia 2006, pengine vilishika pengine vikafa, na kwa ninavyoona vilikufa zaidi pale hela ya mchango ilipokosa mahesabu. Kwahiyo ulizeni bila aibu: mkutano wa mtaa wa mwisho ulikuwa lini, mapato na matumizi ya ulinzi yalisomwa, nani anashika hela? Mtaa usiosoma mahesabu hautachangiwa, usipochangiwa hauna walinzi, ukikosa walinzi kila mwenye uwezo anapandisha ukuta na kuweka nyaya za umeme, wasio na uwezo ndo wanabaki kuibiwa.

Hesabuni pia wapangaji wanakaa muda gani. Nyumba ambayo watu wanabadilika kila kodi ya miezi sita ikiisha, hakuna anayeweza kusema huyu anayetoka na tivi saa saba usiku sio wa hapa. Muwabane wenye nyumba, kabla ya kumkabidhi mtu chumba apite serikali ya mtaa ajulikane. Msikiti, kanisa, vikoba, timu ya mpira ya mchangani, madrasa, vyote viandikeni, vina watu wangapi na vinakutana mara ngapi. Timu iliyokufa sababu kiwanja kimejengwa fremu za biashara, hiyo ni data, iandikeni mwaka.

Na polisi lazima tuwaseme. Mwananchi akiripoti na mtuhumiwa akarudi kesho yake anamcheka barabarani, mwananchi haripoti tena, na mtaa uliokata tamaa na polisi ndo unaozalisha "wananchi wenye hasira kali". Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinaandika kila mwaka watu waliouawa kwa kuchomwa na kupigwa hivyo. Yale ni mauaji, nayo yahesabuni kama uhalifu wa mtaa wenu, tena mkubwa kuliko ile simu iliyoibwa. Mtaa wenye visa vya kuchoma watu msiuite mkali kwa wezi, andikeni kwamba hapo haki imefika mwisho, na ombi lenu la kwanza kwa mkaguzi wa kata liwe kujua kesi zinaishia wapi: ngapi zilifika mahakamani, ngapi zilifutwa sababu shahidi hakutokea.

SASA WEKENI PAMOJA

Chukueni karatasi kubwa mchore mtaa, wekeni alama kila tukio lilipotokea na saa. Kawaida mtakuta nusu ya alama zimerundikana sehemu chache tu, kichochoro kisicho na taa, kituo cha daladala, nyuma ya baa. Taa na barabara zimebadilisha sura ya maeneo kama Tandale na Mburahati tangu DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar, upite, na kama kichochoro chenu hakina taa hilo ni ombi la kupeleka kwa diwani likiwa na ramani mkononi, diwani hawezi kubishana na ramani.

Alafu kwa kila rundo la alama jazeni mambo matatu: riziki gani imekatika hapo, bidhaa inauzwa wapi, na taasisi gani ilitakiwa iwepo haipo. Kama yote matatu yana jibu anzeni na lile la bei rahisi, mara nyingi ni soko. Kama shida ni vijana wasio na kazi, msiishie kulalamika, kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo kisheria ni ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Muulizeni afisa maendeleo wa kata ni vikundi vingapi vya vijana wa mtaa wenu vimeomba, na kama jibu ni sifuri, kazi ya wiki hiyo ni kukaa na vijana wa kijiweni kuandika katiba ya kikundi.

Kwenye mkutano msitaje jina la mtu. Someni namba, onyesheni ramani, tajeni sehemu na saa, na mtu akisimama kutaja mtoto wa fulani mwenyekiti amkatishe palepale, wenye ushahidi wanajua kituo kilipo.

Mkishaamua chagueni kitu kimoja au viwili, mkifanya saba kwa mpigo hamtajua kipi kimesaidia. Rudini nyumba zilezile baada ya miezi sita na maswali yaleyale, na mlinganishe mwezi na mwezi mwenzake wa mwaka uliopita, Desemba na Desemba, sababu Desemba nyumba nyingi zinabaki tupu watu wako Moshi na Bukoba, na ukiilinganisha na Februari utawasifia walinzi kwa kazi ambayo hawajaifanya.